Silia za Njia ya Hewa: Zinafagia na Kuhisi

Mtahiniwa, ukiulizwa kazi ya silia katika trakea, usiishie kuandika "husafisha hewa". Jibu hilo halijitoshelezi. Eleza hatua kwa hatua:

1. Seli za ute katika tishu ya epithelia hutoa ute unaonasa vumbi na bakteria.
2. Silia hupiga kwa mpangilio, kama makasia ya mtumbwi mmoja, na kuusukuma ute kuelekea kooni. Hapo humezwa au kutemwa.
3. Silia pia huhisi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walionesha kuwa silia hizi zina vipokezi vya ladha chungu, kama vile vya ulimi. Kemikali chungu ikizigusa, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na silia hupiga kwa kasi zaidi. Seli hujibu yenyewe, bila kusubiri amri ya ubongo.

Angalia: Usichanganye silia na vinyweleo vya pua. Kinyweleo hakina uhai. Silia ni sehemu ya seli hai, hivyo huweza kudhurika.

Swali: Kwa nini mvutaji sigara wa muda mrefu hukohoa sana? (alama 4)

Jibu: Moshi huharibu silia (1). Ute hutolewa kwa wingi (1). Ute na vijidudu hubaki njiani (1). Kikohozi hufanya kazi iliyowashinda silia (1).

Sasa funika jibu, uliandike upya kwa maneno yako.