Nikikosa siku moja, nianze upya?

SWALI: Nimejaribu kutafakari kwa utulivu dakika 30 kila alfajiri. Wiki ya kwanza huenda vizuri, kisha nakosa siku moja, najiona nimeshindwa, naacha kabisa. Nifanyeje, Daktari?

JIBU: Kinachokuangusha ni kule kujihukumu, siku uliyokosa haina uzito huo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya. Kwa wastani wa kati, ilichukua siku 66 tendo lifanyike bila kujisukuma. Aliyewahi zaidi alihitaji siku 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe unajipa wiki moja tu!

Dakika 30 nazo ni nyingi kwa anayeanza peke yake. Kozi ya kutafakari aliyoanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979 hudai takriban dakika 45 kwa siku, lakini mwanafunzi ana mwalimu na wenzake kwa wiki nane. Anza na dakika 5. Zifungamanishe na jambo usilolisahau, kama kumaliza swala au kupiga mswaki, na simu usiiguse kwanza. Keti, fuata pumzi. Akili itatangatanga hadi sokoni na kwenye madeni, irudishe taratibu. Kule kuirudisha ndilo zoezi lenyewe, kwa hiyo asubuhi yenye fujo nayo ni asubuhi uliyofanya kazi.

Ila ukimya ukikuletea hofu kali au kumbukumbu za mateso, simamisha, umwone mshauri nasaha.