Oili Kwenye Menifoldi ya Hewa: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kazi ya menifoldi ya hewa ni kupitisha hewa. Kwenye injini ya silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, kama 1NZ-FE iliyojaa kwenye IST, Vitz na Corolla zetu, hakuna njia ya oili inayopita kwenye gasketi yake. Zipo injini za V, hasa V8 za zamani za Kimarekani, ambazo menifoldi imefunika bonde lililo katikati ya silinda, na huko gasketi inazuia oili kweli. IST haimo. Ukiona oili imetapakaa pale mbele, gasketi ya menifoldi iwe ya mwisho kulaumiwa. Hata hivyo watu wanaifungua kwanza Jumamosi, wanauliza maswali Jumapili, na Jumatatu gari linafika gereji limevutwa kwa kamba.

Hapa nazungumzia IST ya 1NZ-FE kwa sababu ndiyo inayofunguliwa barazani kuliko zote. Gari lako likiwa jingine, tafuta kitabu chake cha ufundi.

KUTAFUTA CHANZO: FANYA

Osha kabla ya kuhukumu. Injini iliyolowa oili kuanzia juu hadi chini haikuonyeshi kitu. Subiri ipoe, paka dawa ya kuyeyushia grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo. Alternata iko upande huohuo wa mbele, chini ya menifoldi. Ivalishe mfuko wa nailoni na uutoe kabla ya kuwasha. Mashine ya presha iache kwa waosha magari. Maji yakiingia kwenye koili za plagi, utakuwa na matatizo mawili.

Paka poda. Ile nyeupe ya watoto inatosha. Injini ikishakauka, nyunyiza poda kuzunguka ukingo wa tapeti kava, kwenye maungio ya menifoldi na kuzunguka valvu ya oili ya VVT-i. Washa, acha ingurume dakika 15, uzime. Poda inageuka kahawia pale oili inapotokea, na ule mstari wa kahawia una kichwa na mkia. Kichwa ndicho unachokitafuta. Wakati injini inanguruma, mikono na mikono ya shati ikae mbali na mkanda, na ukumbuke feni ya rejeta inajiwasha yenyewe bila kukuaga.

Anza juu, shuka. Oili haipandi. Mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya tapeti kava: ikikauka, upande wa mbele oili inachuruzika juu ya menifoldi, na upande wa nyuma inadondokea bomba la moshi, ndiyo ile harufu ya kuungua unayoisikia ukisimama kwenye foleni. Chomoa na koili uchungulie mashimo ya plagi. Ukikuta oili mle, raba za kava zimekwisha. Mtuhumiwa wa pili ni raba ya duara ya valvu ya VVT-i, upande wa mnyororo, ambayo ikichoka inaimwagia alternata. Raba yenyewe ni ya bei ndogo mno, alternata siyo.

Kagua valvu ya PCV. Hii ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo inayorudisha tatizo kila baada ya ukarabati. Kazi yake ni kutoa mvuke na presha tumboni mwa injini na kuvirudisha kwenye menifoldi vikaungue. Ikiziba, presha inajaa ndani na kuisukuma oili itokee kwenye gasketi iliyo dhaifu kuliko zote. Ikikwama wazi, menifoldi inavuta oili moja kwa moja. Ichomoe, iunganishe na mpira msafi, upulize. Ukipulizia upande unaoingia kwenye tapeti kava, hewa ipite kwa urahisi. Ukipulizia upande wa menifoldi, ipite kwa shida. Ikifanya tofauti na hivyo, nunua nyingine. Dereva mmoja wa teksi alibadilishiwa gasketi ya tapeti kava mara mbili mfululizo, na oili ikarudi mara mbili. Hakuna aliyegusa PCV. Ilikuwa imeganda kama lami.

Chomoa dipstiki. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kopo ni lita 4. Wanaomwaga kopo lote mpaka tone la mwisho "ili isipotee" ni wengi, tena juu ya oili ya zamani ambayo haikuisha kutoka. Ziada inatafuta njia, na njia rahisi ni ile ya mvuke, hadi kwenye menifoldi. Ipunguze kwanza, halafu pima tena.

KUTAFUTA CHANZO: USIFANYE

Usishtuke ukikuta utando wa oili ndani ya menifoldi. Utando ni wa kawaida, unatokana na ule mvuke wa PCV. Dimbwi ndilo la kushtukia.

Usipulizie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayonguruma ili kutafuta panapovuja hewa. Gasketi ya menifoldi ikifa haimwagi oili nje. Inavuta hewa ndani, injini inanguruma juu bila kukanyagwa, na taa ya injini inawaka kwenye deshibodi. Kulithibitisha hilo, pulizia maji kidogokidogo kwenye maungio kwa chupa ya kunyunyizia. Mngurumo ukibadilika, umepapata. Maji hayashiki moto.

Usivute PCV kwa mdomo. Puliza tu. Mabaki yaliyomo si ya kuingia mapafuni.

KUFUNGUA: FANYA

Endelea hapa ikiwa tu umethibitisha kwamba menifoldi lazima itoke.

Acha injini ipoe kabisa, saa kadhaa. Kuna mipira miwili ya maji ya rejeta inayopita kwenye throtoli. Ukiichomoa ya moto, maji hayo yanakumwagikia mikononi.

Chomoa waya hasi wa betri. Ukilazimika kugusa mabomba ya petroli, toa presha kabla ya kuchomoa waya huo: chomoa relei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe. Presha mle ni karibu bar 3, na petroli inayoruka kwa nguvu hiyo inalenga macho.

Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa mpira wowote, na kila mpira ufungie karatasi yenye namba. Usiniambie utakumbuka.

Ondoa vumbi na mchanga kwenye maungio kabla ya kulegeza boliti. Menifoldi ikitoka tu, ziba kila tundu la silinda kwa kitambaa safi. Vihesabu. Andika idadi yake ubaoni, ukutani, popote. Nati moja namba 10 ikidondoka kwenye tundu ambalo valvu yake iko wazi, injini ikawashwa, pistoni inaigonga kwenye hedi mpaka kitu kimoja kivunjike. Nimewahi kutoa kwenye injini ya namna hiyo valvu iliyopinda na pistoni yenye alama ya nati, pembe zote 6 zinahesabika. Mwenye gari alikuwa anaokoa pesa ya fundi.

KUFUNGUA: USIFANYE

Usioshee vipuri kwa petroli. Najua kila gereji inafanya hivyo. Gereji nyingi pia zimewahi kuungua. Barazani kwako kuna jiko la mkaa hatua chache kutoka hapo ulipochuchumaa, na mvuke wa petroli unatambaa chini mpaka unalifikia. Isitoshe, petroli inavimbisha raba.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tofali nalo si stendi. Linapasuka bila kutoa mlio wa onyo. Hili sitalieleza zaidi.

Usibandue menifoldi kwa bisibisi. Ni ya plastiki. Ikigoma, umesahau boliti au nati, mara nyingi ile ya chini isiyoonekana. Ipapase kwa vidole, utaipata.

Usikwangue uso wa hedi kwa msasa wala kisu. Hedi ni aluminiamu. Mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha hewa maisha yake yote. Tumia kipande cha plastiki ngumu, na uvumilivu.

KUFUNGA: FANYA

Nunua gasketi mpya, na uende kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na ile ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. IST ya NCP60 ina injini ya 1.3, NCP61 ina 1.5. Muuzaji atakwambia zote ni sawa. Pachika moja juu ya nyingine mbele yake uone.

Toa vitambaa, uvihesabu tena.

Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, ukitumia spana ya kupima mkazo. Kwa 1NZ-FE, menifoldi ni karibu Nm 30 na tapeti kava karibu Nm 10. Azima spana hiyo kama huna. Mkono uliozoea nati za tairi hauna habari ya Nm 10.

KUFUNGA: USIFANYE

Usipake silikoni kwenye gasketi ya menifoldi. Ni raba inayokaa kwenye mfereji wake, inafungwa kavu. Kwenye tapeti kava, silikoni ni tone dogo pale pembeni ambapo kava la mnyororo linakutana na hedi, basi. Wanaozungusha silikoni kama wanapamba keki wanasahau kwamba inayobinuka nje ina mwenzake aliyebinuka ndani. Ule wa ndani unakatika, unasafiri na oili na kuziba chujio la pampu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, metali za injini zimeshaanza kulika.

Usiongeze mkazo "kidogo tu" kwa sababu bado panavuja. Utang'oa nyuzi za boliti ndani ya aluminiamu. Fungua, tazama gasketi ilivyokaa.

KUWASHA: FANYA NA USIFANYE

Kabla ya kutoa gari, kanyaga breki. Mpira mnene wa busta ya breki umeshikwa na menifoldi hiyohiyo uliyoifungua. Ukiusahau au ukiufunga nusunusu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali igome, ishikilie, kisha washa. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, gari halitoki getini. Jirani mmoja aligundua kosa hili kwa kuvunja geti lake mwenyewe.

Jaza maji ya rejeta yaliyomwagika. Paka poda upya, uendeshe mtaani kwa siku moja, ukague. Usianze safari ya Iringa siku hiyohiyo uliyofunga.

Usimwage oili chafu mtaroni wala shimoni nyuma ya nyumba. Visima vya watu viko karibu. Ifungie kwenye dumu, uipeleke gereji inayokusanya.

Mwisho, fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka kwa mapigo, na nyuma bomba linatoa moshi wa bluu, ringi za pistoni zimechoka. Weka spana chini, acha kununua gasketi, lipeleke kwa fundi apime kompresheni.