UKEKETAJI: WEMBE HUNOLEWA NA ULIMI

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Methali hii nilitajiwa na nyanya yangu wa Meru, mzaa mama, nilipomwuliza kwa nini wasichana wa zamani walikeketwa. Sisi twaishi Embu, lakini likizo nyingi huwa kwake. Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, kila mila ni ya kushikiliwa?

Ukeketaji ni kukata sehemu za siri za msichana pasipo haja yoyote ya matibabu. Wengi huuita tohara, lakini tusidanganywe na jina. Mvulana huondolewa ngozi tu. Msichana hukatwa kiungo chenyewe, nacho hakimei tena.

Madhara yake ni mengi. Kwanza, damu humwagika sana na msichana anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Pili, wembe mchafu huleta pepopunda, na wembe mmoja ukitumiwa kwa wengi waweza kueneza UKIMWI. Tatu, kovu halitanuki vizuri, hivyo wakati wa kujifungua mama huweza kuchanika na mtoto kukwama. Nne, msichana huambiwa kwamba sasa ni mtu mzima. Wachumba huanza kubisha hodi na dawati lake darasani hubaki tupu.

Je, juhudi za kukomesha zimeanza leo? La! Mwaka wa 1956 wazee wa Njuri Ncheke, wakiungwa mkono na serikali ya kikoloni, walipiga marufuku ukeketaji Meru. Kilichofuata ni kioja. Wasichana wenyewe walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakakatana wao kwa wao! Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Kwa muda wa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Nyanya alikuwa mdogo, lakini dada yake mkubwa alikuwa mmoja wao. "Mjukuu wangu," aliniambia, "hawakuogopa askari. Waliogopa kuchekwa."

Maneno hayo yalinifungua macho. Amri peke yake haitoshi ikiwa kicheko kimebaki.

Ndiyo maana napenda njia iliyoanzishwa mwaka wa 1996 huko Gatunga, Tharaka, na familia kama 30 kwa usaidizi wa Maendeleo ya Wanawake. Inaitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana hukaa pamoja kwa wiki moja, wakafunzwa juu ya miili yao, heshima na utu uzima. Mwishoni kuna sherehe, nyimbo na zawadi. Mila imebaki, wembe umeondoka. Hakuna anayeweza kumcheka msichana huyo eti hajavuka!

Sheria ya mwaka wa 2011 nayo ni kali. Anayekeketa hufungwa miaka isiyopungua mitatu, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili. Lakini wengi hawajui kwamba hata kumdhihaki mwanamke kwa sababu hajakeketwa ni kosa. Kifungo chake hakipungui miezi sita, au faini shilingi 50,000.

Juhudi hizi zimezaa matunda. Mwaka wa 1998, wanawake 38 katika kila 100 nchini, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Kufikia mwaka wa 2022 walikuwa 15. Hao 15 si wachache, ni watu.

Sasa niseme la moyoni. Muhula uliopita, wakati wa mapumziko, msichana mmoja aliitwa lile jina la wasichana ambao "hawajaenda". Sitaliandika hapa. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Kesho yake hakuja shuleni. Aliporudi siku ya tatu aliketi peke yake, nami nilishindwa hata kumwazima kalamu.

Wenzangu, sisi hatushiki wembe, lakini tunaweza kuunoa. Wavulana, mkisema hamwezi kumwoa msichana asiyekatwa, mnaunoa. Wasichana, tukichekana chooni na njiani, tunaunoa. Msichana huyo nimekwisha kumwomba msamaha. Nyanya naye, nilipomsimulia, alinyamaza kitambo, kisha akanipa methali nyingine: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.