SOMO LA UFUNDI: PIMA KABLA YA KUPASHA MOTO

Simu inapozimika ghafla, huzimika pamoja na kumbukumbu za madeni ya mwenye duka, namba za wateja wa mama lishe na pengine picha pekee ya marehemu. Fundi anayetamka kwamba bodi imekufa kabla ya kuipima anatoa hukumu bila ushahidi. Somo hili linawahusu mafundi wa simu na kompyuta mpakato, pamoja na wananchi wanaowakabidhi vifaa vyao.

Kwanza, msikilize mteja. Je, kifaa kilianguka, kiliingia maji, au kilichajiwa kwa chaja ngeni? Simu iliyolowa isichomekwe kwenye chaji, kwa kuwa umeme ukikutana na maji huharakisha kutu. Kuifukia ndani ya mchele hakuondoi chumvi iliyokwisha kushika kwenye bodi. Ifunguliwe mapema, betri itolewe, nayo bodi isafishwe kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili.

Pili, anza na sababu nyepesi: chaja, waya, betri na tundu la chaji. Kisha itazame bodi kwa kioo cha kukuzia, ukitafuta kutu, alama za kuungua na vipuri vilivyopasuka.

Tatu, pima shoti. Betri ikiwa imetolewa, weka mita kwenye alama ya diodi. Ncha nyekundu iguse hasi ya bodi, nyeusi iguse chanya ya soketi ya betri. Mita ikisoma sufuri au karibu yake, njia hiyo ina shoti. Hata hivyo, njia za prosesa husoma chini kwa asili. Linganisha na bodi nzima ya aina hiyohiyo kabla ya kuamua.

Nne, mtafute mkosaji. Kwa pawa saplai, lisha njia yenye shoti umeme mdogo, takriban volti 1, wala usizidishe volti za kawaida za njia hiyo. Dondosha alkoholi kidogo, mbali na moto: panapokauka kwanza ndipo penye joto. Mara nyingi utakuta kapasita ndogo. Iondoe, kisha upime tena. Shoti ikitoweka, weka nyingine ya kipimo kilekile.

Kwa kompyuta mpakato, ambazo chaja zake nyingi hutoa volti 19 au 20, angalia kwanza kama njia za volti 3.3 na 5 zina umeme. Zisipokuwa nao, anza kutafuta hapo, si kwenye prosesa.

Wako mafundi wanaokimbilia kupasha moto prosesa ili kifaa kiwake siku mbili tatu. Hiyo ni hatari kubwa. Katika simu nyingi za sasa, taarifa hufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa ikiungua, hata chipu ya kumbukumbu ikihamishiwa bodi nyingine, picha hazirudi.

Mwananchi, muulize fundi wako alipima nini na mita ilisoma nini, omba kipuri kilichotolewa, wala usimpe namba ya siri ya pesa zako.

Vijana wanaohitaji mita na pawa saplai wanaweza kuunda kikundi na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sehemu yake ya asilimia 4 ni ya vijana.