Deni la Masomo na Hukumu ya Muflisi

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad. Tumeletewa suala kutoka Ruhembe, katika bonde la miwa la Kilosa, upande wa Mikumi. Kijana alisoma chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kazi ya mshahara hakupata, naye sasa alima miwa. Auliza: akitangazwa muflisi, deni litamwondokea?

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa muflisi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi si kila asiye na fedha mfukoni. Ni yule ambaye madeni yake yaliyofika muda yamezidi mali yake, wenye kumdai wakashitaki, na kadhi akamzuilia kuitumia. Mali huuzwa, hata nyumba, wakagawanyiwa wenye kudai. Yeye huachiwa nguo zake, na chakula cha siku ile chake na cha watu wake. Kilichosalia je? Chakaa katika dhima yake. Kadhi hakukifuta wala hawezi kukifuta. Asameheye ni mwenye haki peke yake. Lililokatazwa ni kumwandama, kwani katika Sura ya al-Baqara, aya ya 280, mwenye dhiki ameamrishiwa kungojewa hata apate wasaa. Tanzania Bara nako kuna Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Lakini amri ya mahakama yamwondolea mtu mashaka ya hapa, ya akhera ni mengine.

Tena yuko mdhamini, aghalabu baba au ami. Kwetu mwenye kudai ana ruhusa ya kumshika amtakaye katika wawili hao; mwana akifilisika, baba hakutoka. Wangapi walilifikiri hili walipotia saini?

Mwenye mshahara hana suala: sheria yamkata asilimia 15, na mwenye uwezo akichelewesha, Mtume s.a.w. ameita dhuluma. Zamani palikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, nasi tukiichukia, kwani ni ziada iliyoshurutizwa juu ya mkopo. Iliondolewa mwaka 2021. Udhuru huo umekwisha.

Ama huyu wa Ruhembe, miwa humpa fedha kwa msimu, si kwa mwezi. Naaende kwa Bodi kabla hajatafutwa, aeleze mapato yake kwa maandishi, aombe kulipa baada ya mavuno. Asipoweza kabisa, yumo katika wenye madeni waliotajwa katika Sura ya at-Tawba, aya ya 60. Aliyekopa kwa haja ya halali akashindwa, zaka yamfalia. Watu wetu humwonea haya msomi, wakampa zaka mwombaji wa mlangoni tu. (Miwa yenyewe kwetu haina zaka ya mazao, fedha yake ikifika nisabu na kutimiza mwaka inayo.) Na katika Sahihi ya Muslim imo habari ya mtu aliyenunua matunda yakapatwa na msiba: Mtume aliwaamrisha watu wamtolee sadaka, na ilipopungua akawaambia wenye kudai wachukue walichokikuta.

Mwisho, aliandike deni katika wasia, kiasi chake na namba yake. Akifa, lilipwe kabla warithi hawajagawana shamba. Wallahu aalam.