CNK: herufi tatu kwenye sarafu, na medali niliyoivaa bila kuisoma



Kabla hujaendelea, kama una medali ya Mtakatifu Benedikto shingoni, kwenye rozari au kwenye funguo za pikipiki, itoe uiweke mezani. Tutaihitaji. Ila kwanza nataka nikusimulie habari za sarafu nyingine, ambayo haikuwa yangu na niliikalia miezi mitano.

Nasoma Deggendorf, mji mdogo kando ya mto Danube, jimbo la Bavaria huko Ujerumani. Mwaka wa kwanza nilikuwa sina marafiki, na aliyeniokoa na upweke ni dada mmoja Mkenya wa darasani kwetu, aliyenifundisha mchezo unaoitwa jiokeshingi. Mchezo wenyewe ni hivi: mtu anaficha kasha mahali fulani, chini ya daraja, kwenye shina la mti au nyuma ya jiwe, halafu anaweka namba za mahali pale mtandaoni. Wewe unafuata GPS ya simu mpaka ulione. Ndani kuna kijitabu, unaandika jina lako na tarehe, unalirudisha kasha palepale. Basi.

Ulianza Marekani mwaka 2000. Kabla ya hapo serikali yao ilikuwa inapunguza makusudi usahihi wa GPS kwa watu wa kawaida, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukukosesha kama mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 wakaacha kufanya hivyo, na tarehe 3 Mei bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo huko Oregon, akatangaza namba zake ili wengine waitafute. Mwaka uliofuata mchezaji mwingine, Jon Stanley wa jimbo la Washington, akatengeneza sarafu za kuweka ndani ya makasha. Hizo ndizo jiokoini.

Kwa kawaida jiokoini ina namba yake ya siri. Ukiikuta kwenye kasha, unaichukua, unaandika namba hiyo mtandaoni, halafu unaipeleka kwenye kasha lingine. Mwenyewe aliyeiachia anaona kwenye ramani sarafu yake imefika wapi. Kwa hiyo ukiibeba, wewe ni msindikizaji tu, kama unavyomsindikiza mgeni mpaka stendi. Wapo watu wanaonunua jiokoini na kuzitunza kwenye albamu kama stempu, bila kuziachia kamwe. Hilo halina shida, ni zao. Ila ile iliyoko safarini si yako.

Sasa wabunifu wa sarafu hizi wanawajua wateja wao. Wanaficha mafumbo ndani ya michoro. Unaona jua lenye miale mirefu na mifupi, unadhani ni urembo, kumbe ni alama za Morse. Unaona meno ya gurudumu, kumbe ukiyahesabu unapata namba. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo, chuma chenyewe hakinihusu sana.

Yangu (naiita yangu, unaona tatizo lilivyoanza) niliikuta mwezi wa kumi kwenye kasha chini ya benchi la mbao kando ya Danube. Upande mmoja mto uliopinda chini ya daraja. Upande wa pili dira, na juu kabisa, pale ambapo dira huwa na herufi ya kaskazini, kuna herufi tatu: CNK. Ukingo wote una mikato midogo, mingine mifupi, mingine mirefu. Ukurasa wake mtandaoni ulisema imeachiwa ili itembelee monasteri zilizo kando ya mto. Desturi ya wachezaji ni kuisogeza ndani ya wiki mbili hivi. Mimi nikasema moyoni: nitaisogeza nikishafumbua fumbo. Kwa kweli nilikuwa nimeipenda tu.

Ukingo haukunisumbua. Fupi, ndefu, fupi, fupi: L. Fupi, ndefu: A. Nikaenda hivyo mpaka herufi kumi na moja zikakamilika: LASS MICH LOS. Kwa Kijerumani ni "niachie." Nilicheka peke yangu chumbani, nikairudisha kwenye droo.

CNK ndiyo iliyonitesa. Nilijaribu majina ya miji, majina ya watakatifu, hata namba za magari, maana Ujerumani gari linaloanza na C ni la Chemnitz. Hakuna kitu. Mwezi wa pili ndipo nikamwonesha yule dada. Akaitazama, akaniuliza, "Na ile ya kumi na tatu umejaribu?"

Nikajiona mjinga. Makasha mengi huwa na kidokezo mtandaoni, na vidokezo hivyo huandikwa kwa fumbo moja rahisi ili usikisome kwa bahati mbaya kabla hujachoka kutafuta. Unaandika A mpaka M kwenye mstari wa kwanza, N mpaka Z chini yake. Kila herufi inabadilishana na mwenzake wa juu au wa chini. Nilikuwa nimelitumia mara nyingi. Jaribu na wewe. C iko juu ya P. N iko chini ya A. K iko juu ya X.

PAX. Amani, kwa Kilatini.

Nikashika kifua. Neno hilo nilikuwa nalo shingoni.

Nilipokuwa naondoka Songea, mama alininunulia medali ya Mtakatifu Benedikto kule Peramiho, padre akaibariki. Peramiho, kama unavyojua, ilianzishwa mwaka 1898 na watawa Wabenediktini waliotoka Bavaria hiihii. Mama alinivisha na kusali. Shangazi yeye alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, usiivue hata siku moja. Wenye jicho baya hawatakugusa." Kati ya maneno ya mama na ya shangazi, nikabeba ya shangazi. Asubuhi ya mtihani wangu wa kwanza mkufu ulikatika bafuni. Nilitafuta medali sakafuni karibu saa nzima, nikafika mtihanini nimechelewa, natetemeka, nina hakika nitafeli kwa sababu sina kinga. Naandika haya kwa aibu. Lakini najua siko peke yangu, maana nimewaona wenzangu wa kwaya wakifanya hivyohivyo na rozari za kwenye kioo cha gari.

Usiku ule wa PAX niliivua kwa hiari kwa mara ya kwanza, nikaisoma kama ninavyosoma jiokoini. Sasa chukua na yako.

Upande wenye msalaba, juu kuna PAX. Kwenye pembe nne za msalaba kuna C S P B: Msalaba wa Baba Mtakatifu Benedikto. Ndani ya msalaba wenyewe, kutoka juu kwenda chini, C S S M L. Kutoka kushoto kwenda kulia, N D S M D. Angalia S ya katikati, inatumika na mistari yote miwili. C ni Crux, msalaba. L ni Lux, nuru. Anayevaa anaomba msalaba uwe nuru yake. D ya kwanza ni Draco, joka, na D ya mwisho ni Dux, kiongozi. Anaomba joka lisiwe kiongozi wake. Kisha kwenye ukingo, kuanzia kulia kwa PAX, herufi kumi na nne: V R S N S M V, halafu S M Q L I V B. Huyu sasa anamgeukia adui. V R S ni kumwambia Shetani arudi nyuma, kama Yesu alivyomkemea Petro katika Marko 8:33. Anaendelea kumwambia asimshawishi kwa mambo ya bure, kwamba anachomimina ni kibaya, na sumu yake ainywe mwenyewe.

Ya sumu ina hadithi yake. Mtakatifu Gregori Mkuu anasimulia kwamba watawa fulani walichoka na ukali wa Benedikto, wakamtilia sumu kwenye divai. Alipoibariki kwa ishara ya msalaba chombo kikapasuka. Safari nyingine alipelekewa mkate wenye sumu, akamwamuru kunguru aubebe akautupe mbali. Geuza medali: kikombe hicho, na kunguru huyo. Chini ya miguu ya mtakatifu, kama macho yako ni mazuri, utaona MDCCCLXXX. Hilo nakuachia uhesabu. Ni mwaka muundo huu ulipotolewa Montecassino, kuadhimisha miaka 1400 tangu Benedikto azaliwe.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuna wakati hata watawa walikuwa wamesahau herufi hizi zina maana gani. Na hayo yalitokea kilomita chache kutoka chumbani kwangu. Mwaka 1647, huko Natternberg, ng'ambo ya Danube, wanawake walishtakiwa uchawi. Katika kuhojiwa walisema hawakuwa na nguvu juu ya monasteri ya Metten kwa sababu ililindwa na msalaba. Watu wakaenda Metten kutazama, wakakuta misalaba imechorwa ukutani ikiwa na herufi. Zinamaanisha nini? Hakuna aliyejua. Walipopekua maktaba wakapata hati ya mwaka 1415 yenye mchoro wa Benedikto ameshika msalaba na maneno yote yameandikwa kamili. Fumbo likafumbuka. Medali zikaenea, na mwaka 1742 Papa Benedikto XIV akaidhinisha matumizi yake kwa Kanisa zima.

Hapo kwenye mashtaka ya uchawi siwezi kupita haraka. Kesi zile Ulaya ziliua watu wengi wasio na hatia, na sisi tunaotoka nchi ambako bibi ameuawa kwa sababu macho yake ni mekundu hatuna haki ya kuisoma habari hiyo kama hadithi tamu. Maneno ya mtu anayehojiwa kwa vitisho siyategemei. Ninachokitegemea ni hati iliyokutwa maktaba, iliyoandikwa zaidi ya miaka 200 kabla ya kesi ile.

Basi Jumamosi moja nilichukua baiskeli mpaka Metten. Hati yenyewe haipo tena pale, iko Munich, kwenye maktaba ya taifa ya Bavaria. Nikakaa kanisani na karatasi yangu ya herufi. Nikazihesabu M. Tatu kati yake zinasimama kwa neno moja, mihi, "kwangu mimi". Msalaba uwe nuru kwangu mimi. Joka lisiwe kiongozi kwangu mimi. Usinishawishi mimi.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo katekista wangu alikuwa ameihangaikia miaka mingi. Hirizi haikuulizi kitu. Mganga anaishona, hujui ndani kuna nini, na eti inafanya kazi hata ukiwa umelala, hata ukiwa mwizi. Katekisimu, namba 2117, inakataza kuvaa hirizi, na namba 2111 inasema kutegemea kitu cha nje peke yake bila moyo unaokubaliana nacho ni ushirikina, hata kama kitu chenyewe ni cha kanisani. Visakramenti, kwa namba 1670, kwa sala ya Kanisa hutuandaa kupokea neema na kushirikiana nayo. Kushirikiana! Medali imeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Bila mtu wa kuyasema maneno yale, ni herufi tu.

Na mimi, miezi mitano, nilikuwa nimevaa kifuani herufi za kukataa mambo ya bure, huku kwenye droo nimeficha sarafu ya mtu inayosema "niachie."

Kulikuwa na kasha nje kidogo ya Metten, kwenye ukuta wa mawe. Niliiacha humo siku hiyohiyo. Jioni nikamwandikia mwenyewe nikaomba radhi, bila kujitetea, ingawa nilikuwa nimeandaa sababu tatu nzuri. Alijibu baada ya siku mbili. Aliniambia wengi hawarudishi kabisa, na kwamba aliiachia na mke wake, ambaye sasa ni marehemu. CNK lilikuwa wazo la mke.

Nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, umekula?" Nikamwambia aende achukue medali yake na miwani. Tulisoma herufi moja moja, yeye Songea, mimi Deggendorf, mpaka salio likakaribia kuisha. Alipofika kwenye sumu akasema, "Kumbe unamwambia ainywe mwenyewe!" akacheka sana. Kisha akanyamaza kidogo, akasema atamwita shangazi waisome pamoja Jumapili baada ya misa.

Mkufu mpya nimenunua. Asubuhi kabla ya kuuvaa nasema maneno yale, mara nyingi kwa Kiswahili, na siku nikichelewa basi nasema njiani. Sarafu nayo mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa Austria, kwenye kasha karibu na monasteri ya Melk, bado inashuka na mto.