Kuunguza Utando wa Kizazi: Yapasayo Kufahamika Kabla ya Kutoa Ridhaa

Katika hedhi ya kawaida mwanamke hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 za damu. Zikizidi 80, wataalamu huihesabu kuwa hedhi nzito. Kwa kuwa ni wachache wanaoweza kupima kiasi hicho nyumbani, dalili za kuangalia ni hedhi ipitayo siku saba, pedi kulowa kila baada ya saa moja au mbili, mabonge makubwa ya damu, na uchovu utokanao na upungufu wa damu. Mwenye dalili hizi asiambiwe kwamba ndivyo wanawake walivyo.

Miongoni mwa tiba zinazotolewa ni kuunguza utando wa ndani wa kizazi, ambao hospitalini huitwa endometria. Utando huo ndio unaojijenga kila mwezi na kisha kutoka kama hedhi. Daktari hupitisha kifaa chembamba ukeni, kupitia mlango wa kizazi, na kuuharibu kwa joto, mawimbi ya redio au ubaridi mkali. Kifaa cha puto lenye maji ya moto kiliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Maji yake yalifikia nyuzi joto 87 hivi, nacho kilifanya kazi kwa dakika nane. Vifaa vya mawimbi ya redio humaliza kwa dakika mbili au chini ya hapo. Hakuna mshono, na wengi hurejea nyumbani siku ileile.

Wepesi huo ndio unaowafanya baadhi ya watu waione kuwa tiba ndogo. Matokeo yake si madogo, kwani utando ulioharibiwa hauwezi kutarajiwa kulea mimba ipasavyo. Anayetaka kuzaa, hata kama ni baada ya miaka kumi, haimfai. Hata hivyo tiba hii haifungi uzazi. Mayai huendelea kupevuka, na mimba yaweza kutungwa, ikiwa na hatari ya kuharibika, kutunga nje ya kizazi, au kondo la nyuma kushikamana mno na ukuta wa kizazi na kusababisha kuvuja damu kunakohatarisha maisha. Kwa hiyo mhusika atahitaji njia ya uzazi wa mpango hadi hedhi ikome kabisa kwa umri. Asiyeelezwa jambo hili kabla ya kutia saini hajapewa maelezo kamili.

Kabla ya tiba ni lazima chanzo cha damu kitafutwe. Hupimwa ujauzito, hufanywa ultrasaundi, na kipande kidogo cha utando huchukuliwa na kuchunguzwa maabara ili kuhakikisha kwamba hakuna saratani wala chembechembe zinazoielekea. Makovu yatakayobaki yaweza kuziba njia ya damu na kuficha dalili ya ugonjwa siku za baadaye. Ndiyo maana uchunguzi huu hauahirishwi. Uliza pia kama dawa zimejaribiwa, zikiwemo asidi ya traneksamiki na kitanzi chenye homoni. Kitanzi huondolewa mwanamke anapotaka kuzaa. Utando uliounguzwa haurudishwi.

Vifaa vingi vya kazi hii vimetengenezwa vitumike mara moja tu. Una haki ya kuuliza kama pakiti itafunguliwa mpya kwa ajili yako, na kama muda wake wa matumizi haujapita. Swali hilo si utovu wa adabu.

Baada ya tiba, maumivu ya tumbo kama ya hedhi hudumu siku moja au mbili, na majimaji hutoka kwa wiki kadhaa. Wengi hupata nafuu, lakini si wote hukoma kutokwa damu, na baadhi huja kuondolewa kizazi baadaye. Kifaa chaweza pia kutoboa kizazi au kuunguza utumbo, ingawa ni kwa nadra. Homa, maumivu yanayozidi, kutapika kusikokoma au majimaji yenye harufu mbaya ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.